Ruhusa ya Kugusa Mifupa

Kwa Dada Amina,

Assalaam alaykum. Nakupa salamu kwa sababu salamu ni haki, nawe ni mkubwa wangu, na hakuna ugomvi unaoiondoa haki hiyo. Hali yako sikuulizi. Ya Mama na ya Baba pia siiulizi. Usidhani nimesahau adabu kwa kukaa na Wazungu. Sababu utaiona mbele. Nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza, kabla hujaketi na Mama kumsomea. Wewe ndiwe macho ya Mama na mkono wake wa kuandikia, na leo neno langu ni na hayo macho na huo mkono.

Mimi ni mzima wa mwili. Bado niko kule bondeni, kaskazini ya nchi hii, ambako chuo kilituleta likizo ya kiangazi kuchimba magofu ya nyumba ya watawa. Niliwahi kukueleza, lakini nitaeleza tena, kwa kuwa sijui tena ni yapi yaliyosomwa pale nyumbani na yapi yaliyokunjwa. Kwetu mtawa ni mwanamke wa ndani, asiyeonekana njiani, kama alivyokuwa Bibi, aliyetoka kwa msiba tu. Hawa walikuwa wanaume. Walivaa sufu nyeupe, wakaishi pamoja bila wake, wakaamka usiku kusali, na mchana wakafanya kazi bila kusemezana. Kisha mfalme mmoja wa zamani akawafukuza. Madini ya risasi yaliyoezeka paa yakaezuliwa yakayeyushwa, na wenyeji wakaja na mikokoteni kuchukua mawe ya kujengea mazizi. Kilichobaki ni kuta ndefu zisizo na paa, majani ndani, na kondoo wanaolala pale palipokuwa pa kusalia. Nilipozitazama mara ya kwanza niliona kitu nilichokijua. Ukuta wa mawe, uwe wa matumbawe ya kwetu au wa jiwe la huku, huanza kufa juu. Paa likishaondoka, mvua humaliza kazi.

Nilikuwa na furaha hapa. Nakuandikia hili mapema ili ujue ni nini mlichonitoa.

Kazi yetu ni ya magoti. Mtu hupewa kipande chake cha ardhi, ndoo, brashi, na mwiko mdogo wa mwashi, akakwangua udongo tabaka kwa tabaka. Anayetuongoza ni Bi Hester, mwanamke wa makamo asiyeolewa, mwenye kofia ya majani na viatu vya kiume, anayekemea watu wote sawasawa. Mwanzoni mwa kiangazi tulifukua, karibu na nyumba yao ya wagonjwa, jiwe refu lililochongwa kama sinia la mtu kulala, na miguuni pake tundu, na chini ya tundu mfereji. Wenzangu wakakisia kila mtu lake. Mmoja akasema walikuwa wakitia samaki chumvi. Mwingine akasema labda hapo ndipo walipomkandia baba mkuu wao, maana alikuwa mnene. Bi Hester akasema, “Nadhani ni pa kuoshea wafu.”

Nami nikasema kwa sauti, kwa lugha yetu, “Ufuo!”

Wote wakanigeukia. Nikawaeleza kwamba kwetu mtu akifa huchimbwa mfereji chini ya kitanda anachooshewa, ili maji yake yashuke ardhini na yasikanyagwe, na mfereji huo una jina lake, na kwamba Bibi yangu ndiye anayeosha wanawake wa mtaa wetu. Nilisema “ndiye anayeosha”. Sikujua kwamba kitenzi hicho kilikuwa kimekwisha.

Baada ya jiwe tukafika makaburini. Bi Hester aliniita kando. Alijua mimi ni Mwislamu, na hakutaka kunilazimisha. Akaniuliza kama ningeweza kuchukua kaburi moja, au ningependa kubaki kwenye kuta. Nikamwomba anipe nafasi niulize nyumbani.

Barua ile unaikumbuka, Dada. Juu niliandika kwamba ni ya Bibi peke yake. Nilimweleza jiwe, nikamweleza mfereji, nikamwuliza: je, ni halali yangu kuigusa mifupa ya watu hawa, wasio wa dini yetu, ambao hawakuniita? Sikumwuliza Baba wala sheikh yeyote. Nilimwuliza yeye, kwa sababu tangu kabla Mama hajaolewa alikuwa akiingia katika nyumba za watu na furushi lake la pamba na kafuri, na kama yuko mtu aliyejua haki ya mfu juu ya mikono ya aliye hai, ni yeye. Nikakaa nikingoja, nikiwabebea wengine ndoo za udongo.

Jibu likaja kwa mwandiko wako mzuri uliosimama wima. “Bibi asema: Maiti ni maiti, hana kabila. Mguse kwa bismillahi, umfunike ukimaliza. Na kama Wazungu hawakupi chai ya maana, mwambie huyo mtawa akuonyeshe jiko lao lilikokuwa, upike mwenyewe.”

Nilicheka mpaka Bi Hester akaja kuuliza kuna nini. Nikamtafsiria. Asubuhi yake nikashuka kaburini kwa bismillahi.

Neno moja lilinikwaruza, nami nikalipita. Bibi hakuwahi kumwita mtu aliyemwosha “maiti”. Alisema “mgeni wangu”. “Leo nina mgeni,” angesema, akachukua furushi lake, na sisi watoto tukajua nyumba inyamaze. Nililiona hilo neno lako, nikajiambia Dada ameandika kwa haraka, amefupisha. Nilikutafutia udhuru, Dada. Mwongo hahitaji kazi nyingi akiwa na mtu wa kumtafutia udhuru.

Niliyemfukua alikuwa mtu mrefu. Hawakumtia sandukuni, walimfunga sanda tu wakamlaza udongoni, karibu na tunavyofanya sisi, ila yeye uso wake ulitazama juu. Karibu na shingo palikuwa na pini ndogo ya shaba iliyogeuka kijani, iliyokuwa imebana nguo. Mifupa ya vidole vyake niliinyanyua mmoja mmoja. Kimoyomoyo, kwa Kiswahili, nilimwita mgeni wangu. Kila jioni nilimfunika kwa turubai kama nilivyoagizwa na Bibi. Nilihisi Bibi yuko nami pale shimoni. Nilihisi kazi yake na yangu ni moja, na kwamba kusoma kwangu kote, ambako jamaa wengine walikuwa wakikunong’onea, kumenirudisha kwake badala ya kunitenga naye. Nilitaka kumwandikia hivyo.

Kisha Jumapili akaja Athumani, mtoto wa fundi cherehani wa Makadara. Amekuja juzi kusomea uhandisi katika mji ulio karibu na hapa. Alipata anwani yangu, akapanda basi, akafika na halwa aliyoibeba kutoka nyumbani, imezongwa magazeti mpaka mafuta yameyala maandishi. Tuliketi juu ya ukuta wa watawa. Nilifurahi kusikia lafudhi ya kwetu hata nikamwacha aseme upuuzi atakavyo. Akalitazama kaburi chini ya turubai akatikisa kichwa.

“Lakini nyinyi mna ujasiri, Dada Sauda. Mtu amejilalia zake miaka na miaka, mwamwamsha kumtaka kipande kama polisi!”

“Wewe kula halwa,” nikamwambia. “Mimi nina ruhusa. Bibi mwenyewe amenipa.”

“Bibi yupi?”

“Nina mabibi wangapi mimi? Bi Mwanakombo.”

Akaacha kutafuna. “Alikupa kabla hujasafiri?”

“Kwa barua. Kiangazi hiki hiki.”

Akajipangusa mikono kwenye suruali, polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka. “Sauda,” akasema, safari hii bila dada, “Bi Mwanakombo nilishika jeneza lake mimi. Tulimzika Kikowani, Ijumaa, mvua ya masika yatupiga mpaka udongo ukawa uji. Kwani mpaka leo hawajakwambia?”

“Barua zasema Bibi hajambo.”

“Inna lillahi! Nimefanya nini mimi?” Akashuka ukutani, akapanda tena. “Mtaa mzima twaliambiwa tusikuandikie. Siku ya khitima baba yako alisimama akasema, mtoto yuko kwenye mitihani, mtu asimpashe habari. Mimi nalidhani mitihani ishapita, ushaambiwa. Nimekuja kukupa pole, wallahi. Sikujua nianze vipi, ndio nikaanza na halwa.”

“Mtaa wetu?” nikamwuliza. “Mtaa usioweza kuficha hata samaki aliyeungua?”

“Hii tuliiweza,” akasema. Alianza kucheka, akaona haya, akafunika uso.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Yeye ndiye aliyelia. Mimi sikulia, na tena nilimfariji, nikamwambia hana kosa. Hana. Ni mtu wa pekee kutoka nyumbani aliyeniambia kweli tangu masika, naye aliisema kwa bahati mbaya.

Kesho yake nilishuka kaburini, nikapiga magoti, nikaondoa turubai, na mikono haikwenda. Bi Hester akaja juu ya kichwa changu.

“Unaumwa?”

“Nilipewa ruhusa na mtu aliyekuwa hawezi tena kuitoa,” nikamwambia.

Hakuelewa, nikamweleza. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Si mtu wa kukumbatia watu. Akanieleza kwamba watawa hawa, mwenzao alipokufa, waliandika jina lake kwenye ngozi iliyokunjwa, wakamkabidhi mtu aende kwa miguu, nyumba ya watawa hadi nyumba ya watawa, nchi nzima, jua au theluji. Kila mlango alipobisha walisimamisha kazi, wakamwombea marehemu, wakaandika kwamba wamesikia, naye akaendelea na safari. “Waliishi kwa kunyamaza,” akasema, “lakini hilo hawakulinyamazia.”

Alidhani ananituliza. Nilihisi kama nimepigwa kofi. Kwani sisi je? Akifa mtu Mji wa Kale, hutoka mtu akapita vichochoro vyote akitaja jina lake na saa ya maziko. Hutumwa mtu mtaa wa Buxton kwa shangazi, mwingine Makadara kwa jamaa wa Mama. Hata mjomba wa Kibarani, ambaye yeye na Baba hawasemezani tangu mimi mdogo, huambiwa, akaja akasimama safuni pamoja nao. Mwenye ugomvi huambiwa. Mlevi huambiwa, akalevukia msibani. Mimi sikuambiwa.

Nimeacha kaburi. Sasa naosha vigae vya vyungu vyao katika karai, nje ya hema. Mgeni wangu amechukuliwa na mwanafunzi mwenzangu anayepiga miluzi akichimba. Simlaumu, yeye hakutaka ruhusa ya mtu, na hakuna aliyemdanganya.

Najua mtakalosema. Mitihani. Bahari. Kwamba hata ningeambiwa saa ile ile nisingewahi, maana kwetu mtu hazidi siku juu ya ardhi. Kwamba mlifanya kwa kunipenda. Yote haya nimejiambia mwenyewe, kwa sauti ya Baba, na ni kweli. Sikudai kuzika. Lakini ningejua ni siku gani ya kulia. Sasa siku ile imepita nami sijui nilikuwa nikifanya nini. Huenda nilikuwa nikicheka na wenzangu juu ya pudini. Ningeketi chumbani kwangu nikamsomea Yasini, nikaingia mtihani na macho mekundu, na kama ningeanguka, ningeanguka nikijua kwa nini. Mlinikinga na msiba mkanivika uongo, na huo ndio niliokuwa nikitembea nao, nikiuonyesha watu kama nguo mpya.

Nilizitoa barua zako zote za tangu masika nikazitandaza kitandani. Kwetu mtu akiulizwa hali husema hajambo hata kama ukuta umemwangukia, kisha ndipo huja “ila”. Hatujambo, ila Mama ana homa. Hatujambo, ila kisima kimeingia chumvi. Nilitafuta ila katika kila barua. Hamna. Ni barua zisizo na ila, Dada, kwa maana zote mbili za neno.

Na yale maneno ya Bibi. Bibi asema usilale na nywele mbichi, baridi ya huko haina mswalie Mtume. Bibi asema akikuposa Mzungu mpe kwanza pweza amle, akimaliza ndipo tumfikirie. Nilikuwa nikiyasoma njiani nikicheka peke yangu mpaka watu wanapishana nami. Kumbe ulikuwa wewe. Tumekua chumba kimoja, na sikumbuki hata siku moja ulinichekesha. Nilikuogopa kidogo, kwa unyoofu wako. Ucheshi ule ulikuwa wapi? Kwa nini hukuniletea kwa jina lako? Ningekupenda kwa huo. Badala yake uliuvisha nguo za marehemu ukaniletea, na sasa nimefiwa mara mbili: na Bibi aliyezikwa Kikowani, na Bibi wako wewe, aliyeniruhusu mifupa, ambaye alikufa Jumapili juu ya ukuta na halwa mkononi mwa mtu. Huyo wa pili nami nilimpenda. Hilo ndilo linalonichoma usilodhani.

Labda hukuamua wewe. Labda Baba aliamuru, Mama akalia, nawe ukaandika. Lakini barua ya mifupa haikuwa ya mitihani. Mitihani ilikuwa imekwisha. Niliuliza swali la dini na la moyo, kwa jina la mtu mmoja, nawe ukalifungua, ukajua kwamba hayupo wa kulijibu, ukachukua kalamu. Pale hapakuwa na wa kukuamuru. Ungeweza kuandika mstari mmoja.

Sasa nakutaka jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike, maana nilikuwa nimeazimia kunyamaza kama watawa. Wewe ulikuwepo, ulisikia na kuona, mimi sikuona. Bibi alikuwa akinichukua mimi kumshikia kata ya maji, kwa sababu wewe uliogopa na mimi sikuogopa. Aliniambia, “Siku yangu ikifika, wewe ndiwe wa kunimwagia maji, mkono wako hautetemeki.” Najua nilikuwa mbali, na ahadi ya aliye mbali haishiki. Lakini nataka kujua ni nani aliyemwagia. Usiniambie wanawake wa mtaa. Nataka jina. Nataka kujua kama alimwagiwa polepole, kuanzia kulia, na kama maji yalikuwa ya vuguvugu, kwa sababu aliwapashia moto wageni wake wote hata wakati wa joto, akisema baridi humtisha mtu asiyeweza kusema.

Na nataka kujua kama alinitaja. Hapa ndipo nakuomba, Dada, kwa haki ya ziwa tulilonyonya sote. Kama alinitaja, andika alivyosema, hata kama ni lawama, hata kama alisema kwa nini mtoto huyu alikwenda. Kama hakuacha neno, andika: hakuacha neno. Usinitungie. Najua unaweza, na najua litakuwa zuri, na nitalijua kwa uzuri wake.

Salamu zangu sijui nizipeleke kwa nani. Nisalimie walio hai. Shangazi wa Buxton, kama yupo, aniandikie mwenyewe, hata kama herufi zake zinapanda na kushuka. Baba naye aandike kwa mkono wake, asikuagize wewe. Mjomba wa Kibarani mwambie nampa pole, na kwamba tangu leo mimi na yeye ni wamoja, sote tumejifunza nyumba ile inavyonyamaza. Jirani zetu wa mtaani usiwasalimu. Waambie tu kwamba nimejua.

Mama hajui kuandika. Basi achovye kidole gumba cha kulia katika wino akibandike chini ya barua yako. Kovu lililokipasua, la kisu cha muhogo, nalijua lilivyopinda. Nikiliona nitamjibu Mama siku hiyo hiyo, na kwake sitakuwa na maneno haya. Nisipoliona, nitaanza matanga yake.

Mdogo wako, aliyefiwa peke yake,
Sauda